Majuto ya Gari Jipya Humwangukia Nani?

Wahenga walinena kwamba majuto ni mjukuu, lakini hawakutuambia mjukuu huyo hulelewa na nani. Katika jambo la ununuzi wa magari, na hasa zile pikapu mpya za milango minne zinazotamaniwa siku hizi na vikundi vya uzalishaji mali, vyama vya ushirika na ofisi za umma, jibu li wazi. Anayetia saini ya kununua ni mmoja, na anayelea majuto ni mwingine. Hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo, na ushahidi wetu tutauchukua mbali kidogo na visiwa hivi, katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara.

Msomaji wa Unguja au Pemba ana haki ya kutuuliza kwa nini tumevuka bahari na nyika hadi huko, ilhali magari yaliyolala juu ya mawe tunayo hapa hapa. Tunajibu kwamba zipo sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba nyanda zile si ngeni kabisa mezani kwetu. Mbulu inasifika kwa kitunguu saumu, na Hanang kwa ngano, mahindi, maharage na alizeti. Gharama ya kuyatoa mazao ya bara shambani na kuyateremsha pwani haipotei njiani. Huishia katika bei anayotajiwa mama anayekwenda sokoni Darajani au Chake Chake. Sababu ya pili, na ndiyo kubwa zaidi, ni kwamba nchi ile imekwisha kujaribu kununua maendeleo kwa njia ya mashine, tena si mara moja, na matokeo yake yanajulikana. Si busara kulipa ada ya somo ambalo wenzetu wamekwisha kulilipia.

Tuanze na pikapu yenyewe. Tuseme kikundi cha wakulima 20 wa kitunguu saumu huko Mbulu kimepata mkopo, na wanachama wakashawishika kwamba dawa ya kunyonywa na wachuuzi ni kuwa na gari lao wenyewe. Nia hiyo ni njema, na wala haipingani na moyo wa kujitegemea. Wananunua pikapu mpya ya ukubwa wa wastani, inayong'aa, yenye viti vizuri na uwezo wa kubeba tani moja hivi. Tani moja ni magunia 10 ya kilo 100. Tuseme tena kwamba mavuno ya kikundi kwa mwaka ni magunia 120. Basi gari litakwenda sokoni safari 12. Mwaka una siku 365. Hata kila safari ikichukua siku nzima, zinabaki siku 353 ambazo gari halina mzigo wa wenyewe.

Tuendelee na hesabu hiyo, maana hesabu haina kabila wala itikadi. Kutoka Mbulu hadi Arusha kwa njia ya Karatu ni zaidi ya kilomita 200, yaani kilomita 400 na ushei kwenda na kurudi. Tukikadiria kwamba pikapu inakunywa lita 10 za dizeli kwa kila kilomita 100, safari moja inameza lita 40 kwa magunia 10. Kila gunia limebebeshwa lita 4. Lori la tani 7, hata likinywa lita 25 kwa kila kilomita 100, hutumia lita 100 kwa magunia 70, na kila gunia halifikishi lita moja na nusu. Lori hilo lingeimaliza kazi yote ya mwaka kwa safari mbili, na kikundi kingeweza kulikodi kwa siku hizo mbili bila kuwa na deni la hata senti moja kwa siku zilizobaki.

Na hapo hatujataja mshahara wa dereva, bima, leseni, matairi, mafuta ya injini, wala ile riba ya kimya kimya ambayo ni uchakavu. Gari jipya hushuka thamani tangu siku linapotoka dukani, ilhali deni halishuki ila kwa kulipwa. Hatujataja pia mapito ya nchi ile: kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Dareda, vumbi la kiangazi, na udongo unaonata wakati wa masika. Barabara kuu ya lami inayopita Katesh kwenda Singida ni neema kubwa, lakini shamba haliko kando ya lami.

Liko na jambo la ufundi. Fundi wa Dongobesh au Katesh, ambaye kwa miaka mingi amefufua Land Rover kwa spana, waya na akili yake, anafungua boneti ya gari la leo na kukuta kazi ya kompyuta. Injini za dizeli za siku hizi zinaongozwa na umeme na vihisio vidogo vidogo, na hazivumilii mafuta machafu hata kidogo. Kitu kidogo kikiharibika, taa inawaka, nguvu inapungua, na dawa yake iko Arusha au Dar es Salaam. Fundi wa kijijini hana kosa, wala gari halina kosa. Kosa ni la aliyenunua chombo bila kuuliza ni nani atakayekitengeneza, kwa kifaa gani, na kwa umbali gani.

Sasa tutazame nani anafurahi na nani analia. Ufunguo hukaa kwa mwenyekiti au kwa katibu. Gari lililonunuliwa kubeba vitunguu huonekana harusini, mazikoni na mikutanoni. Kuzika na kuoza ni wajibu wa kijamii na hatuubezi, lakini tunki halijazwi kwa salamu. Wakati huo mwanachama wa kawaida, mama mwenye robo ekari, anaendelea kupeleka mzigo wake mnadani kwa punda, kisha anakatwa sehemu ya mauzo yake kulipia gari ambalo hajalipanda. Siku pikapu inapouzwa kwa bei ya hasara ili deni lipungue, mwenyekiti anapoteza heshima. Mama yule anapoteza mbegu ya msimu ujao. Majuto hayo mawili hayalingani uzito.

Hatusemi haya kwa kubuni mambo ya kutisha. Nchi ile ile ilikwisha kuonyesha jambo hili kwa kipimo kikubwa kuliko cha pikapu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya Uhuru, Serikali ilianzisha vijiji vya mfano vya makazi mapya ya wakulima. Kimojawapo kilikuwa Upper Kitete, katika wilaya ya Mbulu ya wakati ule, eneo ambalo leo limo wilayani Karatu. Walowezi walipewa ardhi, na ngano ikalimwa kwa matrekta. Vijiji vya aina hiyo vilimeza mtaji mkubwa mno kwa familia chache. Mwaka 1966 Makamu wa Pili wa Rais, Ndugu Rashidi Mfaume Kawawa, alitangaza kwamba Serikali haitaendelea kuanzisha vijiji vya namna hiyo. Mwaka uliofuata, 1967, Azimio la Arusha likaweka bayana kwamba msingi wa maendeleo ni watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora, na kwamba fedha ni matokeo ya kazi. Ilidhaniwa kwamba somo limekwisha kueleweka.

Hata hivyo somo halikudumu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Tanzania iliomba msaada wa Kanada ili ijitosheleze kwa ngano, na nyanda za Basotu wilayani Hanang zikachaguliwa. Shirika la Taifa la Chakula na Kilimo, NAFCO, likaanzisha mashamba makubwa ambayo hatimaye yalifika 7, yakiwamo Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda na Gawal, kila moja likiwa na ukubwa wa karibu ekari 10,000. Ardhi iliyochukuliwa kwa jumla ilikaribia ekari 100,000. Matrekta makubwa na mashine za kuvunia zilikuja kutoka Kanada pamoja na wataalamu wake.

Hatutaki kuidhulumu historia. Ngano ilipatikana, tena nyingi, na kwa miaka kadhaa mashamba ya Hanang yalitoa sehemu kubwa ya ngano iliyolimwa nchini. Vijana wa Kitanzania walijifunza ufundi na uongozi wa mashamba. Lakini kila gunia lilitegemea dizeli iliyotoka nje, vipuri vilivyotoka nje, na fedha za kigeni ambazo Taifa halikuwa nazo za kutosha, hasa baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1979 na baada ya gharama za vita vya Kagera. Msaada wa Kanada ulipofikia mwisho mwanzoni mwa miaka ya 1990, mashine zilibaki na njaa ile ile, na aliyekuwa akizilisha hakuwapo tena. Baadaye shirika lenyewe likaondoka katika kilimo hicho, baadhi ya ardhi ikarudishwa kwa wananchi, na nyingine ikaingia mikononi mwa wawekezaji.

Je, nani alijuta? Mfadhili alirudi kwao. Maofisa walihamishwa vituo. Waliobaki ni Wabarabaig, wafugaji wa jamii ya Wadatoga, ambao nyanda zile zilikuwa malisho yao bora. Njia za kupitisha mifugo kwenda majini na kwenye chumvi zilikatwa. Makaburi ya wazee wao, wanayoyaheshimu kwa heshima kubwa, yalipitiwa na jembe la trekta. Mvua nazo zikachimba makorongo katika ardhi iliyofunuliwa. Mwaka 1981 wananchi wa Mulbadaw walikwenda mahakamani kudai haki yao. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa ushindi, lakini Mahakama ya Rufani ikautengua. Katika daftari za mradi bei ya trekta iliandikwa hadi senti ya mwisho. Bei ya malisho yaliyopotea haikuandikwa, kwa sababu waliyoilipa hawakuilipa kwa fedha, wala hawakuulizwa.

Mtu atasema kwamba trekta la Kanada na pikapu ya kikundi ni vitu viwili mbalimbali. Ni kweli kwa ukubwa, si kwa kanuni. Katika yote mawili chombo kinachaguliwa kwanza, na kazi yake inatafutwa baadaye. Katika yote mawili bei inahesabiwa, ulishaji wake hauhesabiwi. Na katika yote mawili uamuzi hufanywa na watu ambao hawataonja uchungu wa uamuzi huo.

Pasitokee mtu wa kutusingizia kwamba tunawataka wananchi warudi kwenye kubeba mizigo kichwani. Gari linapokuwa na kazi yake, hakuna kitu cha kulishinda. Hospitali ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955, inahudumia watu waliotawanyika katika eneo kubwa lenye njia ngumu, na gari imara huko ni uhai wa mama anayejifungua. Vivyo hivyo mtumishi wa afya anayekwenda Yaeda Chini kuchanja watoto, au mganga wa mifugo anayewahi ugonjwa kabla haujaenea bomani, hawezi kuambiwa apande punda. Gari kama hilo halijutiwi hata likigharimu sana, kwa sababu kila kilomita yake ina jina la mtu aliyehudumiwa.

Wairaki wa Mbulu wenyewe ni mashahidi kwamba hesabu ya namna hii si ngeni kwa mkulima. Katika vilima vya Kainam, kwa vizazi vingi, wamelima ardhi ndogo kwa kuitia samadi na kuzuia mmomonyoko, wakifuga na kulima pamoja, na kila kitu kikilisha kingine. Jembe la maksai lilipoingia walilipokea, kwa kuwa maksai hula majani ya pale pale, hutoa samadi, na akizeeka huuzwa kwa nyama. Huo si ushamba. Huo ni uchumi wa mtu anayejua kwamba chombo chochote ni mgeni atakayekaa, na kwamba mgeni sharti alishwe.

Tunawageukia sasa watumishi wa Serikali, wa Bara na wa Visiwani. Sheria ya Bara inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kuwakopesha wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4, na watu wenye ulemavu asilimia 2. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro katika usimamizi wake, na ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Zanzibar nayo ina wakala wake wa kuwawezesha wananchi kiuchumi. Fedha hizi ni amana. Sisi tuliokaa chuoni kabla ya kukaa skuli tulifundishwa kwamba mali ya yatima na mali ya jamaa haiguswi ila kwa lililo bora, na kwamba israfu ni dhambi hata kama stakabadhi zake zimepangwa vizuri. Ofisa anayeidhinisha mkopo wa gari bila kuuliza maswali hajawasaidia wananchi. Amewakabidhi mzigo, kisha akapiga nao picha.

Wala viongozi wasiwahubirie wanyonge kubana matumizi huku wao wenyewe wakiishi kinyume. Ndugu Mizengo Pinda, alipokuwa Waziri Mkuu kati ya mwaka 2008 na 2015, alikemea hadharani tabia ya ofisi za umma kununua magari ya fahari, yale ambayo wananchi waliyabatiza jina la mashangingi. Kemeo lile lilisikika, likashangiliwa, na halikukomesha tabia hiyo. Mwananchi huiga anachokiona kuliko anachoambiwa. Akiona kwamba heshima ya ofisi hupimwa kwa gari lililosimama mlangoni, kwa nini kikundi chake kisitake heshima hiyo hiyo?

Hapa visiwani tuna sababu zaidi ya kujihadhari. Kilomita zetu ni chache, na mzigo mwingi wa kijiji unaweza kubebwa na gari la ng'ombe au gari la kukodi. Hewa yetu ina chumvi, na bati la gari linalolala karibu na pwani huliwa na kutu hata likiwa halitembei. Kipuri tunachokingoja hakina budi kuvuka maji. Mkulima wa mpunga wa Cheju hahitaji kufundishwa maana ya trekta bovu wakati mvua imekwisha kunyesha. Na kanuni hii haiishii kwenye magurudumu: mashine ya boti inayokopeshwa kwa wavuvi au kwa wakulima wa mwani nayo ina tumbo, nayo hutaka fundi, nayo huweza kumwachia deni mtu asiyeipanda.

Kwa hiyo tunashauri mambo manne. Kwanza, kikundi chochote kinachoomba fedha ya kununua gari kiandike hesabu ya miaka mitano, yenye mafuta, matengenezo, bima, dereva, matairi na idadi ya safari zenye mzigo, na hesabu hiyo isomwe kwa Kiswahili mbele ya wanachama wote kabla ya saini yoyote. Pili, kabla ya kununua, kikundi kikodi gari kwa msimu mmoja, ili kipime kazi iliyopo badala ya kazi inayoota ndotoni. Tatu, gari likinunuliwa liwe na daftari la safari linaloonekana na kila mwanachama, likionyesha lilikokwenda, lilichobeba na nani aliyelijaza mafuta; mali bila daftari hupotea bila habari. Nne, na hili ndilo tunalolisisitiza kuliko yote, wale watakaobeba gharama ya kosa waulizwe kwanza, na jibu lao la hapana liheshimiwe. Kama Wabarabaig wangeulizwa kwa namna hiyo, pengine ngano ingelimwa kwa kiasi, na malisho yakabaki.

Mambo haya hayahitaji mfadhili, mtaalamu wa kigeni wala sheria mpya. Yanahitaji karatasi, kalamu, na kiongozi ambaye haoni haya kuulizwa. Anayenunua kwa fedha ya wenzake sharti ajifunge kwao kiasi kwamba, siku ya majuto ikifika, naye awe miongoni mwa wanaojuta.